Tensi zinakuangusha kwenye spikingi ya IELTS? Tafuta Kiswahili kilichojificha nyuma ya kosa

Watu wengi wanaojiandaa na IELTS, ule mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, ukiwapa karatasi ya kujaza nafasi wanapata karibu zote, nyakati zote wanazijua kwa majina, ila wakikaa mbele ya mtahini na kuulizwa kiswali kidogo tu cha nyumbani au kazini, "I am living in Tabata since 2016" inatoka yenyewe kabla hata hajafikiria. Sasa mtu wa hivo kumwambia akasome tensi (nyakati za vitenzi) upya ni kumpotezea muda, maana anazijua, shida ni kwamba mdomo bado unaendeshwa na -na-, -me-, -ka- na -nge- huku maneno ni ya Kiingereza. Kwa hiyo hapa nimepanga kwa dalili, wewe angalia ipi inakuhusu, ukishajua kiambishi gani kinakusukuma dawa yake huwa fupi tu.

Kidogo kuhusu mtihani kwanza kwa ambao bado hawajauona. Spikingi, yaani sehemu ya kuongea, ni dakika 11 mpaka 14, wewe na mtahini, na mazungumzo yanarekodiwa. Sehemu ya kwanza dakika 4 hadi 5, maswali ya kwenu, kazi, masomo, mambo unayopenda. Ya pili unapewa kadi yenye mada, unapata dakika 1 ya kujiandaa na kuandika vinoti, alafu unaongea peke yako dakika 1 hadi 2. Ya tatu ni mjadala wa dakika 4 hadi 5 unaotokana na mada ileile ya kadi. Alama zinatoka pande nne zenye uzito sawa, yaani ufasaha na mtiririko, msamiati, sarufi, na matamshi, kwa hiyo sarufi ni robo nzima ya alama. Na ukitaka bendi 7 (bendi ndo alama za IELTS) kwenye sarufi hawakudai usikosee kabisa, wanataka sentensi zisizo na kosa ziwe nyingi. Manesi wanaoenda Uingereza hii wanaijua vizuri, maana NMC, baraza la manesi na wakunga la kule, inataka 7 kwenye spikingi, na wengi wanagonga 6.5 wanabaki wanashangaa nini kimewaangusha.

Kujipima fanya hivi: chukua kadi moja ya mazoezi, ongea dakika 2 huku simu inarekodi, alafu sikiliza na uandike vitenzi tu, kimoja chini ya kingine, usiandike sentensi nzima. Kwenye sentensi kosa linajificha ila kwenye orodha linakuangalia usoni. Ukikuta "went, met, was, tell, say, give, came, is" basi anza na dalili inayofuata.

Unaanza na wakati uliopita, sentensi ya tatu uko wakati uliopo

Hii ndo kubwa kuliko zote na inatokea sana kwenye kadi. Mfano kadi inasema ueleze safari unayoikumbuka, mtu anaanza vizuri kabisa: "Last year I travelled to Mwanza by bus. We left Dar early, then we reach Dodoma and we eat lunch, after that the bus break down and the driver tell us to get out."

Ukiuliza kwa nini kitenzi cha kwanza na cha pili viko sawa alafu vingine vyote vimelala, jibu liko kwenye Kiswahili chake: "Tuliondoka mapema, tukafika Dodoma, tukala, baada ya hapo basi likaharibika, dereva akatuambia tushuke." Umeona? -li- imetokea mwanzoni tu, kuanzia hapo -ka- imeshika usukani na -ka- yenyewe haisemi ni lini, inasema tu "kisha". Kwetu ukishasema mara moja kwamba ni jana inatosha, msikilizaji ameshajua. Kiingereza hakina -ka-, kila kitenzi lazima kikate tiketi yake mwenyewe hata kama viko kumi kwenye basi moja.

Dawa ziko mbili. Ya kwanza ni ile dakika 1 ya maandalizi, watu wengi wanaandika mawazo ("basi, Dodoma, chakula, dereva") alafu wakiongea wanatafuta kitenzi papo hapo. Wewe andika vitenzi vikiwa tayari vimeshavaa wakati uliopita: left, reached, ate, broke down, told, waited, arrived. Vitenzi saba nane vinakutosha dakika 2 nzima, na macho yakianguka kwenye karatasi yanaanguka kwenye jibu sahihi. Ya pili ni ya mazoezi ya nyumbani na watu wanaicheka lakini inafanya kazi: simulia stori hiyohiyo kwa Kiswahili bila kutumia -ka- hata moja. Tulifika Dodoma. Tulikula. Basi liliharibika. Dereva alituambia. Inasikika kama mtoto wa chekechea anasoma insha, lakini ukifanya hivo alafu ukahamia Kiingereza muda huohuo, mdomo unakuwa umeshazoea kuweka wakati kwenye kila kitenzi.

Ila angalia usizidishe. Kadi ikisema ueleze mtu aliyekusaidia, matendo aliyoyafanya yanaenda wakati uliopita lakini yeye mwenyewe kama yupo hai anabaki wakati uliopo. Ukisema "My uncle was a very kind man, he was living in Moshi" mtahini anaelewa mjomba ameshafariki, na wewe mjomba umetoka kuongea naye asubuhi. Sema "My uncle is a very kind man, he lives in Moshi", alafu ndo uingie kwenye tukio: "When I was in form four, he paid my fees."

Unaweka "have" alafu unataja mwaka

"I have finished my degree in 2019." "I have visited Zanzibar last year." Hapa mkosaji ni -me-. Kwenye maongezi yetu "nimemaliza chuo 2019" inapita bila mtu yeyote kugeuka, na "nimeenda Zanzibar mwaka jana" pia inapita. Kwenye Kiingereza ile ya "have" haikai chumba kimoja na muda uliokwisha. Ukishataja mwaka, last year, yesterday, when I was young, two years ago, basi ni "finished", "visited", "went", hakuna mjadala.

Kipimo rahisi ukiwa unaongea: je hilo unalotaka kusema linajibu "lini"? Kama ndio, tupa "have". Kama hujataja lini na hutaki kutaja, unasema tu kwamba umeshawahi, "have" inakaa: "I have been to Zanzibar twice." Na mtahini akiuliza "Have you ever been to a wedding in a village?" jibu la watu wanaopata alama nzuri linabadilika katikati: "Yes, I have. I went to my cousin's wedding in 2022 and it was..." Yaani "have" mara moja ya kukubali, alafu stori yote iliyobaki ni wakati uliopita. Wanaokwama ni wale wanaodhani swali likianza na "have" lazima jibu zima liwe na "have", utasikia "I have gone there, I have eaten, I have danced", yaani harusi nzima imebebwa na have.

Kuna tatizo lingine la -me- ambalo linasemwa kidogo sana na mimi naona ndo linalosikika geni zaidi sikioni mwa Mwingereza. Kwetu -me- inabeba pia hali ya mtu alivyo sasa: amevaa, amekaa, amesimama, amelala, ameoa, nimechoka. Sasa ukipewa kadi ya kueleza picha unayoipenda unasema "My mother has worn a blue kitenge and she has sat on a chair" na mtahini anasikia kitu kingine kabisa, kwamba mama aliwahi kuvaa hiyo kitenge siku fulani. Amevaa ni "is wearing", amekaa ni "is sitting", amesimama "is standing", amelala "is sleeping" au "is asleep", ameoa au ameolewa ni "is married", nimechoka ni "I'm tired". Hivyo vikariri kama vilivyo, vichache sana, usivitafutie sheria.

Kwa upande mwingine -ja- ni rafiki yako. "Sijamaliza bado" inaenda moja kwa moja kwenye "I haven't finished yet", usiibadilishe kuwa "I didn't finish yet".

Kila kitu kina -ing

"I am waking up at five every day." "I am having two brothers." "I am liking football." Kosa la -na- hili, kwa sababu "naamka" inaweza kuwa ya sasa hivi na inaweza kuwa ya kila siku, Kiswahili hakikulazimishi kuchagua. Sehemu ya kwanza ya mtihani imejaa maswali ya kila siku, kwa hiyo ukiwa na ugonjwa huu unaonekana dakika ya kwanza kabisa.

Jaribu kuingiza "huwa" kwenye sentensi yako ya Kiswahili. Kama inakubali, "huwa naamka saa kumi na moja", basi Kiingereza ni kitupu: "I wake up at five." Wakenya wana bahati hapa, ile -nga yenu ya mwishoni, naamkanga, naendanga, ndo hiyohiyo, popote unapoweza kusema naendanga sema "I go". Kama "huwa" haikubali kwa sababu ni jambo la kipindi hiki tu, "siku hizi nasoma kozi ya uhasibu", hapo ndo -ing inaingia: "These days I'm studying accounting." Vitenzi vya kupenda, kujua, kuwa na, kuamini, kuhitaji, hivyo viache bila -ing, ni "I have two brothers", basi.

Na huwa hiyohiyo ina mtego wake. Kuna watu wanaitafsiri "used to", utasikia "I used to go to church every Sunday", anamaanisha anaenda mpaka leo, mtahini kaelewa ameacha. "Huwa naenda" ni "I usually go". "Used to" ni ya kitu ulichokuwa unakifanya zamani na sasa hukifanyi, "nilikuwa naenda shamba kila likizo", hiyo ndo "I used to go to the farm every holiday", na hapo watu wanasema "I was going to the farm every holiday" kwa sababu ya lile neno nilikuwa. Kwa hiyo kumbuka kuwa nilikuwa ya mazoea ya zamani ni used to, na nilikuwa ya jambo lililokuwa linaendelea ndo "I was": nilikuwa napika umeme ukakatika, "I was cooking when the power went off".

Miaka unayoitaja haiendani na kitenzi

Ule mfano wa Tabata. "Naishi Tabata tangu 2016", "nafanya kazi hapa miaka mitano sasa". Kiswahili kinatumia wakati uliopo kwa sababu bado unaishi hapo, mantiki yake iko sawa kabisa, ila Kiingereza kinaangalia mwanzo na sasa kwa pamoja kwa hiyo kinataka "I have lived" au "I have been living in Tabata since 2016". Sikio lako likisikia since tu, au for na bado unaendelea, weka have. Swali la "How long have you lived there?" linaulizwa sana sehemu ya kwanza, andaa jibu lako la ukweli mapema na ulizoee mpaka litoke bila kufikiri, kwa sababu taarifa yenyewe haitabadilika.

"If I would have money"

Sehemu ya tatu inapenda kuuliza mambo ya kufikirika, "What would happen if people stopped using cars?" Kiswahili kinaweka -nge- pande zote mbili, ningekuwa na hela ningefungua duka, na mtu anaweka would pande zote mbili. Kiingereza upande wenye if haupokei would: "If I had money, I would open a shop." Hiyo had haina uhusiano wowote na jana, ni alama tu kwamba unawaza.

Na kuna mtego wa pili ndani yake, vitabuni tuna -nge- na -ngali- lakini mtaani wengi tunasema "ningejua nisingekuja" hata kama tumeshakuja na tumeshajuta. Kwenye Kiingereza hilo lililokwishapita lina umbo lake, "If I had known, I wouldn't have come." Kama unaliweza liseme mara moja tu kwenye mtihani kwenye sehemu inayofaa, linaonyesha upana wa sarufi. Kama unalibabaikia liache, usiumbe sentensi ya kujionyesha alafu ikuvunjikie katikati. Ugonjwa wa kujionyesha unaonekana pia kwa wanaoweka "had" kila mahali, "I had gone to Arusha last year", hakuna kitu kilichotangulia kitu kingine hapo, sema tu "I went".

"When I will finish"

Mkosaji: nitakapomaliza. Ndani yake kuna -taka- kabisa, kwa hiyo will inaruka na kuingia. Geuza kichwani iwe "nikimaliza", ile -ki- haina wakati ujao ndani yake, na Kiingereza kinataka hivohivo: "When I finish my exams, I'll apply for jobs in Canada." Vilevile kwa before, after, until, as soon as, na if.

"I didn't went"

Watu wanadhani kosa hili linatokana na Kiswahili, kumbe Kiswahili chenyewe kimenyooka. Sikuenda: -ku- imeshabeba wakati uliopita na "enda" imebaki ilivyo, hakuna anayesema "sikulienda". Sasa "did" ndo -ku- yako. Ikishatokea did, kwenye swali au kwenye kukanusha, kitenzi kinarudi kitupu: didn't go, didn't see, did you buy.

Unajibu kwa wakati ambao hujaulizwa

"Did you enjoy school as a child?" "Yes, I enjoy it, my teachers are good." Hapa mara nyingi mtu amesikia neno school akaanza kukimbia. Zoeza sikio kukamata lile neno la kwanza la swali, do, did, have, would, will, au kama swali linaanza na what na how basi neno la pili. Kama hujalinasa omba arudie, "Sorry, could you repeat the question?", kuuliza mara moja hakukuumizi kama kujibu swali ambalo halipo. Maswali ya mabadiliko kwenye sehemu ya tatu, "How has shopping changed in your country?", yanataka nyakati mbili ndani ya jibu moja na hapo ndo pa kuokota alama: "In the past people used to carry cash everywhere. Now most of them pay by phone, and I think in the future cash will almost disappear."

Unasema sahihi lakini hasikii

Hii inauma zaidi kwa sababu kichwani umeweka "worked" na mdomoni imetoka "work". Silabi zetu zinaishia na irabu, kwa hiyo ule mwisho wa konsonanti mbili ama tunaumeza ama tunauwekea i, "wokdi", "helpdi". Worked inaishia na t, lived inaishia na d, ni wanted na needed na wenzake wanaoishia na t au d tu ndo wanaopata silabi ya ziada. Njia inayosaidia ni kuunganisha mwisho huo na neno linalofuata lenye irabu: worked in inasikika kama "wok-tin", lived in inakuwa "liv-din", worked as "wok-taz". Tafuta sentensi zako za kila siku zenye in, at, as, on baada ya kitenzi na uzifanyie mazoezi hivo. Na ile s ya "my mother lives" inamezwa vilevile, dawa ni ileile.

Umekosea ndani ya chumba na umejisikia

Ukijisikia palepale rekebisha mara moja na uendelee, "I go, sorry, I went", nusu sekunde imeisha. Kosa la sentensi mbili nyuma liache huko huko liliko, kurudi rudi kunakula alama za ufasaha na mtiririko ambazo nazo ni robo nyingine. Usimuangalie mtahini usoni kutafuta kama umepatia, hawaruhusiwi kukuambia, na wengine wanaandika wakati unaongea kwa hiyo utajitisha bure. Na akikukatisha katikati ya sentensi ukiwa kwenye kadi usidhani tensi yako imemchukiza, dakika 2 zimeisha, wanamkatisha kila mtu.